Mwenyekiti wa Kampeni Akipata Kazi, Wewe Shika Daftari

Dada mmoja anayejiandaa kugombea udiwani 2027 ameniandikia wiki hii kutoka upande wa Kiunga, huku kwetu Lamu. Mwenyekiti wake wa kampeni amemwacha njiani. Kampuni moja ya Nairobi, ya wale wanaolipwa kuwalainisha wananchi na viongozi kabla mradi haujaingia, imempa kazi, na ameondoka na vijana wawili wa timu. Anauliza: "Kaka, nimfuate nimbembeleze, au nimwache?"

Mwache. Lakini kabla hajaenda mbali, muulize daftari la majina ya watu wa vijijini liko wapi.

Nitaeleza kwa urefu, mnisamehe, kwa sababu hili limenipata mimi mwenyewe na bado likitajwa roho inanipanda. Mwaka 2022 niligombea udiwani visiwani, na kuna miezi ambayo hata wapinzani walikiri kwamba tuko moto. Mwenyekiti wangu alikuwa shemeji yangu. Mtu wa maneno yule, mkutano ukipoa unampa yeye kipaza sauti, dakika mbili tu akina mama wanapiga vigelegele. Kila mgombea angemtaka.

Wasiowahi kufanya kampeni visiwani hudhani shida ni jukwaa na umati. Shida ni mafuta ya boti. Uchaguzi wetu huwa Agosti, kwa hivyo kampeni zinaangukia kwenye kusi lenyewe, bahari imechafuka na mashine inakunywa mara mbili. Mgombea wa bara akiishiwa atapanda bodaboda ya deni arudi nyumbani. Wewe ukiishiwa umelala Kizingitini kwa watu, na kesho yake habari imefika Amu mjini kwamba huna kitu.

Siku moja ya Julai tulikuwa gatini Mtangawanda, tumetoka mkutanoni Siyu. Nahodha akalinyanyua dumu, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha chini. Kisha akamtazama shemeji. Hakunitazama mimi, mgombea! Shemeji naye akatoa simu akawa anaongea na mtu ambaye sidhani kama alikuwepo. Hapo nikajua timu imeshapiga hesabu zake. Posho za vijana zilikuwa zimelala, fulana zimeisha, na mpinzani wetu anakodi boti mbili kwa mpigo. (Usipoteze usingizi kuuliza pesa za mwenzako zinatoka wapi. Sheria ya kudhibiti pesa za kampeni ilipitishwa 2013, na uchaguzi wa 2022 ukaja ukapita bila kutumika.)

Haukupita muda, shemeji akawa "mshirikishi wa jamii" wa kampuni fulani. Mshahara wa mwezi, bima ya familia, gari linamngoja Mokowe. Vijana wakamfuata mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani au karo ya mdogo wake. Sikatai, shida zilikuwepo. Zangu pia zilikuwepo.

Sasa sikiliza hapa, dada, maana ndipo penye maana. Kampuni haikumchukua shemeji kwa shahada, hana. Lamu ya leo mradi hauingii kwa barua ya wizara peke yake. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wetu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa yaliyowapata kutokana na ujenzi wa bandari. Mwenye mtaji akisoma hukumu kama hizo anaelewa kitu kimoja: anahitaji mtu wa kuwapigia simu wazee kwa majina yao. Na majina hayo nani ameyakusanya? Ni wewe mgombea, kijiji kwa kijiji, kwa mafuta yako.

Letu lilikuwa daftari la kava ngumu, lenye mwandiko wangu na wa mke wangu. Kila kijiji na ukurasa wake: mwenyekiti wa wavuvi, imamu, mama anayeshika pesa za chama, nahodha anayesikilizwa. Pembeni tumeandika nani amefiwa, nani ana kesi ya shamba, nani hapikiki chungu kimoja na nani. Lilikaa kwa shemeji kwa sababu ndiye mwenyekiti, kama timu zote zinavyofanya. Lilipoondoka naye, nikaanza kupigiwa simu kutoka Faza: "Bwana, hii kampuni umetuletea wewe?" Kura hazijapigwa bado, na jina langu limeshafanya kazi ambayo sikulipwa.

Kwa hiyo shika daftari. Liwe na nakala nyumbani, na mwenyekiti apewe kurasa za kijiji anachokwenda siku hiyo, akirudi azirudishe. Ujue pia kwamba sheria iko upande wako na wa waliomo humo ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu mtu kuchukua namba ulizopewa kwa ajili ya kampeni akazitumia kwa jambo jingine lisilohusiana bila idhini ya wenyewe, na malalamiko yanapokelewa na Kamishna wa Data. Mimi sikwenda huko. Ni shemeji, harusi na matanga tunakutana. Wako si shemeji yako, usione haya.

La pili ni mawakala. Mwenyekiti akiondoka, siku hiyo hiyo pitia orodha ya vituo, maana wengi wa mawakala ni watu wake. Mimi tarehe 9 Agosti kuna vituo ambavyo Fomu 36A, zile za matokeo ya udiwani, zilijazwa na hakuna wa kwetu aliyetia sahihi. Sisemi ndiyo sababu ya kushindwa. Nasema tu haikuwepo sahihi yetu.

Na usijifungie ndani kwa aibu, ukidhani ni wewe tu. Julai 2007 kule Marekani kampeni ya John McCain ilikuwa imekaukiwa na pesa, na meneja wake Terry Nelson pamoja na John Weaver, mshauri wa miaka mingi, wakatoka. Mwaka uliofuata chama cha Republican kikamteua McCain agombee urais. Cha kuchekesha, aliyeshika usukani baada yao, Rick Davis, alikuwa ametokea kwenye biashara hiyo hiyo ya ushawishi. Tofauti ni kwamba wenzetu wana sheria ya tangu 1995 inayomtaka mshawishi ajisajili na kutaja anayemlipa, na seneta akistaafu hungoja miaka 2 kabla ya kurudi kuwashawishi wenzake. Huku kwetu mtu anavua kofia ya kampeni asubuhi, jioni yuko kwa mzee yule yule na kofia ya kampuni, na mzee hajui kilichobadilika. Waambie wazee wako mapema, kwa mdomo wako, kwamba fulani sasa anafanya kazi kwa watu fulani. Usimtukane. Taja tu mwajiri wake, watajua wamsikilizeje.

Vijana, mnaonisoma na mnataka uongozi kama mimi, zoeeni kuachwa. Anayekupenda kwa posho atakuacha kwa mshahara, na hana kosa la kupelekwa kwa kadhi. Lipeni kidogo mnachoweza kila wiki, msiahidi mabunda baada ya ushindi. Na shikeni madaftari yenu!

Mwezi uliopita shemeji alikuja nyumbani. Mkataba wake umeisha, anasema 2027 tuko pamoja. Tulikula mahamri na mbaazi, tukacheka kama zamani, na nimemrudisha kwenye timu, kazi yake ni kuongea jukwaani. Orodha za vijiji anazo mke wangu. Wako naye atarudi mkataba ukiisha, dada, na akirudi usimnunie. Mpe kipaza sauti.