Jibu: Chuma kinene kinaniponyoka magotini

Habari ndugu. Umesema gripa (kile kifaa chenye springi cha kubana kwa kiganja) unaifunga vizuri, ila kile chuma kinene cha kunyanyulia uzito kutoka chini kinakuponyoka kikifika magotini, na mashindano ya taifa ya nguvu za mikono huko Marekani yamekaribia. Anza kukagua gumba. Chuma chenyewe kina unene wa kama sentimita 5, vidole havikutani, kwa hiyo gumba ndilo linaloachia mwanzo, na gripa hailifanyishi kazi hata kidogo. Mimi nililiamsha kwa kubana kwa vidole na gumba sahani mbili za uzito (zile zinazovishwa kwenye chuma), zikiwa zimeshikana, upande laini nje, mara mbili kwa wiki. Ukizidisha, viungo vitakulilia. Sugu za viganjani zisugue na jiwe la miguu, zisije zikachanika jukwaani. Chaki paka kidogo, kisha ipukute. Halafu usinyanyue kwa kushtua. Chuma kikishtuka kinazunguka mkononi.