Baa ya zamani Fleet Street: kwanini picha zangu zinainama?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko London mwaka wa pili sasa, jumamosi nilipita Fleet Street kwenye ile baa ya kale Ye Olde Cheshire Cheese, mlango wake uko kichochoroni, pazuri mno yaani. Nikapiga picha kama arobaini kwa simu na zote mbovu, jengo kama linaangukia nyuma, mbingu nyeupe pee, madirisha meusi. Kuingia ndani niliogopa maana sinywi pombe, afu sijui kama picha wanaruhusu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, ile baa naipenda sana kwahiyo nivumilie nikiongea mengi. Jengo linainama kwasababu umelisogelea mno afu unainua simu juu. Kile kichochoro, Wine Office Court, ni chembamba, pa kurudi nyuma hamna, ndo mtu anakimbilia ile 0.5 ya simu, yaani lenzi pana, apate jengo lote na hapo anazidi kuharibu. Weka 1x, ile lenzi ya kawaida, simu isimame wima kama mlango wenyewe, paa likikatika likatike. Ukitaka upande wa barabarani, vuka Fleet Street upige kutoka ng'ambo.

Ila kubwa zaidi ni saa uliyoenda. Mchana mwanga unashuka kutoka juu tu, chini giza, simu haiwezi kubeba vyote viwili. Nenda jua likishazama, kuna kama nusu saa hivi mbingu inakuwa bluu iliyokolea na taa za ndani zimeshawaka, mwanga wa nje na wa ndani unakaribiana na vioo vinatoa rangi ya asali. Desemba jua la London linazama kabla hata ya saa kumi jioni, Juni mpaka saa tatu na ushee usiku, kwahiyo angalia na zamu zako za kazi. Gusa dirisha kwenye skrini, shusha mwanga kidogo, egemea ukuta viwiko vikibana mbavu, pumua taratibu ndo ubonyeze. Na mvua ikinyesha usikimbie nyumbani! Chini pakilowa taa zinajirudia kwenye maji, mi picha yangu nzuri kuliko zote za pale niliipata nimelowa mpaka soksi.

Afu kitu kinaniuma, watu wanapiga ile alama ya mviringo inayoning'inia halafu wanaondoka. Pembeni ya mlango pale kichochoroni kuna ubao wa majina ya wafalme na malkia, unaanzia Charles II, maana yeye ndo alikuwa mfalme baa ilipojengwa upya 1667, mwaka mmoja baada ya ule moto mkubwa ulioteketeza London. Simama karibu, kaa kwa pembeni kidogo ili mwanga wa taa usipige kwenye lenzi, chukua majina machache tu na kipande cha mlango, hapo umri wa jengo unaonekana kuliko ukipiga ukuta mzima.

Kuhusu ruhusa, ukiwa barabarani Uingereza huvunji sheria kwa kupiga picha jengo. Ndani ni kwa watu, omba. Na kutokunywa kusikuzuie dada yangu, pale wanauza na chakula, agiza soda yako, mwambie wa kaunta unaomba kupiga picha mbili tatu, akikataa basi. Akikubali nenda saa ambazo hawajajaa, fleshi zima kabisa, sura za wateja ziache. Vyumba ni vidogo, mbao zimekuwa nyeusi, na baridi ikiingia wanawasha moto, kaa meza ya karibu na moto uache uwe ndo taa yako. Uliza na habari za kasuku wao Polly, alipokufa 1926 magazeti yaliandika, si unajua Fleet Street ndo ilikuwa mtaa wa magazeti.