Picha za kolonoskopia ninazo: kwa nini akili unde isinipe jibu leo?

SWALI: Daktari, heshima kwako. Dada yangu amekuwa akihara damu kwa miezi kadhaa. Amefanyiwa kolonoskopia, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, akaambiwa huenda ni kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn, ambayo yote ni magonjwa ya mchochota wa utumbo, na vinyama vilivyochukuliwa bado viko maabara. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nimesoma kwamba zipo modeli za akili unde zinazosoma picha za utumbo kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Picha zake ninazo. Kuna ubaya gani nikizipitisha kwenye modeli mojawapo badala ya kungoja?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Hiyo asilimia uliyoisoma inaweza kuwa ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba inajibu swali lingine, si lile lako.

Modeli nyingi za aina hiyo hazikufundishwa kutambua ugonjwa, zilifundishwa kupima ukali wake kwa mtu ambaye ugonjwa wake umeshajulikana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2019 ulitumia picha 16,514 za wagonjwa 3,082, wote wa kolaitisi ya vidonda. Modeli ilitakiwa kutenganisha utumbo uliotulia na ule wenye mchochota wa kati au mkali, na iliimudu kazi hiyo vizuri. Sasa chukua modeli ya namna hiyo, uipe picha ya kifua kikuu cha utumbo. Haitakuambia "hiki sikijui". Unafahamu tabaka la mwisho la modeli, lile linalotoa jibu, linavyofanya kazi: linagawa uwezekano kwa makundi lililopewa, na jumla lazima ifike moja. Itakupa daraja, tena huenda kwa kujiamini.

Na madaraja yenyewe yana utata wake. Kipimo cha Mayo, kinachotumika kupanga ukali wa kolaitisi ya vidonda, kinaanzia 0 hadi 3. Sifuri ni utumbo mzuri au uliopona, na tatu ni vidonda na damu inayotoka yenyewe. Hapo hakuna anayebishana. Ugomvi uko katikati. Daraja la 1 ni wekundu kiasi na mishipa ya damu iliyofifia, la 2 ni wekundu uliokolea, mishipa haionekani tena na ukuta umechubuka. Waonyeshe madaktari wawili wazoefu picha moja, mmoja atasema 1, mwenzake 2. Modeli iliyofundishwa kwa lebo, yaani madaraja yaliyowekwa kwenye picha, za mtu mmoja hurithi jicho la mtu huyo.

Ukisoma makala yoyote ya fani hii, tazama kwanza data iligawanywa vipi. Kolonoskopia moja hutoa picha nyingi zinazofanana. Zikigawanywa kwa picha na si kwa mgonjwa, mtu yuleyule anajikuta kwenye mafunzo na kwenye majaribio pia, na modeli inasifiwa kwa kumkumbuka. Halafu uliza kama ilijaribiwa kwenye hospitali nyingine yenye kamera nyingine. Binafsi, makala isiyo na jaribio hilo naisoma harakaharaka.

Rudi kwa dada yako. Crohn na kifua kikuu cha utumbo hupenda sehemu ileile, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, na vidonda vyake vinaweza kufanana mno. Maabara ndiko wanakotafuta vijidudu vyenyewe, na ndiko wanakoona kama vivimbe vidogo vya chembe za kinga vimeoza katikati, jambo linaloelekeza kwenye kifua kikuu. Hata hapo wakati mwingine jibu halitoki mara moja. Kukosea si jambo dogo: dawa za Crohn hushusha kinga, na kifua kikuu kikishushiwa kinga husambaa. Amiba na baadhi ya bakteria nao huleta vidonda na damu, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huchubua utumbo. Hakuna pikseli inayosema mgonjwa alimeza nini mwezi uliopita.

Mahali ambapo teknolojia hii naipokea kwa mikono miwili ni kamera ya kumeza. Safari moja ya kamera hiyo inaweza kutoa picha zaidi ya 50,000, na jicho la binadamu huchoka. Programu inayochambua na kuweka mbele zile chache zenye vidonda humwokolea daktari muda mwingi. Ila kamera hiyo nayo haimezwi ovyo, maana utumbo ukiwa umebana inaweza kukwama.

Ukitaka kuzijaribu picha za dada yako kwa kujifunza, mwombe ruhusa, kisha futa jina, tarehe na namba ya hospitali vilivyochapwa pembeni. Matokeo yake yasibadilishe dawa yoyote. Muda wa kungoja utumieni kuuliza haya: je, choo kimepimwa vijidudu? Vinyama vilichukuliwa sehemu kadhaa, pamoja na mwisho wa utumbo mwembamba na sehemu zinazoonekana nzima? Orodha ya dawa zote alizotumia, hata za kununua mwenyewe, iko kwenye faili? Na akipata homa, tumbo likajaa na kuuma sana, moyo ukaenda mbio au damu ikaongezeka, msingoje majibu ya maabara: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.