Muulize Fundi: Premio ya yadi au Premio ya mwalimu mkuu?

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina mke, watoto watatu na mama yangu tunaishi naye. Tumeamua kununua Toyota Premio na nimeona mbili. Moja iko yadi Dar es Salaam: ya mwaka 2009, imetoka Japani, haijafungwa namba, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Nyingine ni ya mwalimu mkuu wangu anayestaafu mwaka huu: ya 2012, namba D, injini ya 1.8, kilomita 190,000, ameiendesha mwenyewe miaka yote. Bei hazijapishana sana ila ya yadi iko juu. Shemeji yangu anasema ukinunua gari la mtu umenunua ugonjwa wa mtu. Nishike lipi?*
*Mwalimu, Dodoma*

Marahaba mwalimu. Ningekuwa mimi, ningeanzia kwa mwalimu mkuu, na huyo shemeji ningemwacha nyumbani siku ya kwenda kuliona gari.

Tuanze na bei, maana hapo watu wengi hawapigi hesabu. Gari la 2009 limeshapita miaka 10. Likishuka bandarini linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, VAT asilimia 18, na juu ya hizo ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, asilimia 30. La miaka 8 hadi 10 uchakavu wake ni 15. Chini ya hapo hakuna. Na kodi hizi zinapandiana, moja inapigwa juu ya nyingine. TRA wakilithaminisha gari milioni 10, kodi peke yake inakaribia milioni 10 nyingine. Lingekuwa halijafika miaka 8, kwa thamani ileile ungelipa kama milioni 5 na nusu. Thamani yenyewe hawaichukui kwenye risiti yako. Wanayo kwenye mfumo wao, na kikokotoo kiko wazi mtandaoni. Weka aina ya gari, mwaka na cc, uone mwenyewe. Kwa hiyo katika ile bei ya yadi kuna mamilioni uliyolipishwa kwa sababu gari ni zee, na hela hiyo haikununulii hata boljointi moja.

Sasa zile kilomita 68,000. Zinaweza kuwa za kweli. Mjapani wa mjini anapanda treni kwenda kazini na gari linatoka wikiendi. Lakini zinaweza pia kuwa zimerudishwa nyuma, na kazi hiyo fundi umeme mwenye mashine anaimaliza kabla chai haijapoa. Usibishane na muuzaji. Mwombe karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani: kina tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizosomwa lilipokaguliwa kule. Gari jipya Japani hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, kwa hiyo namba zinaachwa kwenye kumbukumbu. Ya pili ni karatasi ya mnada. Humo utakuta alama ya gari zima: 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo yake, na ukiona R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. Kuna na mchoro wa gari lililofunguliwa kama ngozi ya mbuzi, umeandikwa vialama kila mahali. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji akikwambia karatasi ya mnada imepotea, mshukuru na uondoke. Haijapotea.

Na usiamini karatasi tupu. Ingia ndani ya gari. Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kabisa; chini kule kuna lebo yenye mwaka wa kutengenezwa. Gari la 2009 lenye mkanda wa 2013 lina habari halijakusimulia. Tazama mpira wa kikanyagio cha breki: kilomita 68,000 hazili mpira ukabaki laini. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa siti ya dereva, upande wa mlangoni, pale makalio yanapokwaruza kila mtu akishuka. Fungua boneti uangalie vichwa vya bolti zinazoshika mabawa ya mbele. Rangi ikiwa imebanduka kwenye pembe za bolti, spana imeshapita hapo. Mwisho lala chini. Magari ya mikoa ya theluji, Hokkaido hasa, hupita juu ya barabara iliyomwagwa chumvi, na kutu inaanza kuila chesisi wakati bodi juu inang'aa kama harusi. Ukiona namba ya chesisi inaanzia ZRT265, hiyo ni Premio ya 1.8 inayosukuma magurudumu yote manne. Kwa hizo nachungulia mara mbili.

Tuje kwa mwalimu mkuu. Kilomita 190,000 kwa Premio hazinitishi. Injini za gari hili, 1NZ ya cc 1500 na 2ZR ya cc 1800, zinatumia cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Kinachoziua ni oili isiyomwagwa kwa wakati. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkuu si "mwisho bei gani". Muulize anamwaga oili wapi, na ya aina gani. Mtu anayelijua gari lake atakutajia jina la fundi bila kufikiri, na pengine atakutolea vile vikaratasi vilivyoning'inizwa kwenye injini. Akianza kusema "nilikuwa nampa kijana anapeleka", punguza kasi.

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Washa wewe, sikiliza sekunde chache za mwanzo. Mlio wa cheni unaokwaruza kisha ukanyamaza ni wa kuulizia. Ukiendelea ni wa kuhesabia bei. Mtu mwingine asimame nyuma aangalie moshi. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Halafu giaboksi, na hapa sina mzaha. Premio hii ina CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Kanyaga breki, ingiza R, kisha D, kisha R tena. Isichelewe, isishtuke. Kisha panda nalo mlima wa UDOM, pale chuo kikuu, likiwa na watu wanne ndani: mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisiongeze mwendo, au ukisikia mtetemo kama unapita kwenye matuta madogo, acha. CVT ya kubadilisha utaipata Shaurimoyo, Dar, ila nayo ni mtumba usiojua historia yake. Na muulize kama oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa na iliwekwa ipi. Toyota ana oili za CVT za TC na FE, kila moja na magari yake. Angalia kitabu cha gari lako. Fundi wa mtaani aliyemwaga humo ATF nyekundu, oili ya otomatiki ya kawaida, ameshalimaliza gari, limebaki kutangaziwa.

Jambo moja zaidi kwa hilo la 2012. Injini yake ya 1.8 ni 2ZR-FAE, yenye mfumo wa Valvematic, unaopanga valvu zifunguke kiasi gani. Kifaa kinachouendesha mfumo huo kikifa, taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu, na bei yake itakukalisha chini. Lipia mashine ya kupima kabla hujalipia gari. Ila angalia na mashine ya macho: ukiwasha swichi kabla injini haijanguruma, taa ya injini lazima iwake kwanza ndipo izimike. Isiyowaka kabisa imenyofolewa.

Shokapu, bushi na stabilaiza linki zitakuwa zimechoka. Hilo ni la kawaida, spea zake zimejaa kila duka, na utalitumia kushusha bei. Kiyoyozi cha Dodoma kinakula vumbi, fungua sanduku la glavu uangalie chujio lake.

Makaratasi. Kadi ya gari iwe ya jina lake mwenyewe, si la aliyemuuzia. Uiangalie kadi halisi kwa macho, kwa sababu walimu tunawajua, kadi inaweza kuwa imelala kwenye kabati la SACCOS. Kagua madeni ya trafiki kwa namba ya gari, na mbadilishe umiliki TRA wiki hiyohiyo kabla mkuu hajahamia kijijini kwao.

Gari la mkuu likishinda hayo yote, lichukue, na ile tofauti ya bei weka matairi manne mapya na bima kubwa. Likishindwa kwenye giaboksi, usirudi yadi kwa ile ya 2009. Subiri uongeze hela, utafute la mwaka ambao uchakavu haulikamati vibaya.

*Fundi, Allion na Premio ipi imara? Na nichukue 1.5 au 1.8? Nitakuwa naenda Rombo kila Krismasi na familia.*
*Msomaji wa Mbagala*

Ni gari moja lenye sura mbili. Chini zote ni chesisi ya T260, injini zilezile, giaboksi ileile. Allion wameipa uso wa kijana. Chukua iliyotunzwa, basi.

Kwa Krismasi ya Rombo, watu watano na gunia la mchele kwenda, ndizi kurudi, chukua 1.8. Ile ya 1.5 ni nzuri ya foleni ya Mbagala, lakini ikijazwa na kiyoyozi kikawashwa inaanza kuomba radhi kila kilima, na ukiikanyaga sana mafuta uliyotaka kuokoa yanaondoka. Kodi ya 1.5 na 1.8 iko kundi moja, kwa hiyo asikudanganye mtu hapo. Na ukikutana na Premio ya sura ya zamani, ya 2001 hadi 2007, yenye maandishi ya D4 kwenye injini ya 2.0, yaani inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mpigie salamu kwa mbali. Pampu yake ya mafuta na nozeli hazipatani na petroli yetu.

*Habari Fundi. Hapa Voi wanasema Premio zinaisha. Ninunue sasa au ningoje bei ishuke?*
*Baba Zawadi, Voi*

Hawakudanganyi. Toyota waliacha kuitengeneza Machi 2021, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza. Piga hesabu: zile za mwisho kabisa mlango wa Mombasa unazifungia mwisho wa 2028. Bei ya zilizobaki haitashuka ndugu yangu, labda zile zilizokamatwa kwa deni la mkopo. Lakini usikimbizane na jina. Kwa bei ambayo madalali wanaitaja kwa Premio ya 2019, mwombe na mahesabu ya Corolla Axio au Mazda Axela ya mwaka huohuo uweke kando, kisha uamue unanunua gari au unanunua heshima ya maegesho ya kanisani.

*Assalaam aleikum Fundi. Niko Muscat, wazee wetu ni wa Unguja, nasoma safu yako kila mara. Nataka Toyota Camry ya familia. Wakala ana jipya, bei imenishinda kidogo. Kuna rafiki ananiuzia ya 2019 iliyotoka Marekani, safi sana, karibu nusu ya bei ya jipya. Unanishauri vipi, kaka?*
*Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam. Ulipoandika "safi sana" na "nusu ya bei" katika mstari mmoja nilisimamisha chai.

Camry za Marekani zinazofika huko, nyingi hupitia Sharjah, na nyingi kati ya hizo kampuni za bima za kule zilishazifuta: zimegongwa, au zimezama kwenye mafuriko. Zinanyooshwa, zinapigwa rangi, zinavuka mpaka zikiwa bibi harusi. Siyo zote, lakini wewe ndiye unayetakiwa kuhakikisha, siyo rafiki yako.

Anza na namba ya chesisi, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ikianza na 4T1, imetengenezwa Marekani. Ikianza na J, ni ya Japani, na ndizo utakazozikuta nyingi kwa wakala wa Ghuba. Zile za kabla ya 2018 unaweza kuona 6T1, za kiwanda cha Altona, Australia, kilichofungwa Oktoba 2017. Hizo zilikuwa zikiletwa Ghuba kwa wingi na sina neno nazo. Kwa gari la Marekani herufi ya 10 ni mwaka wa toleo: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020. Kama rafiki anasema 2019 na wewe unasoma J, mazungumzo yamebadilika. Kisha lipia ripoti ya historia kwa namba hiyo mtandaoni. Ni pesa ndogo, na mara nyingi utapata hadi picha za gari likiwa limepondeka mnadani.

Ripoti ikiwa safi, bado inua zulia la abiria wa mbele, shika sufi ya chini yake. Matope makavu au sauti ya kukatika kama karatasi ni mafuriko. Vuta mikanda yote mpaka mwisho utafute mstari wa maji. Na kabla ya kuweka amana, mpigie wakala wa bima kwa namba hiyo ya chesisi umuulize kama watakupa bima kubwa. Jibu lake litakuambia mengi kuliko fundi.

Njia ya katikati ipo na ndiyo ningeipita: Camry ya 2018 kuja mbele iliyonunuliwa hapohapo Oman, mwenyewe wa kwanza, sevisi zote zimepigwa mhuri na wakala. Ile yenye injini ya 2.5 isiyo ya haibridi ina gia nane za kawaida, si CVT, na joto la huko ilishalizoea. Itakuwa na bei juu ya hiyo ya rafiki. Ukiipata, nitumie picha ya namba ya chesisi na ya kitabu cha sevisi kabla hujalipa.