Jibu: Dada anahamia Dar, atajifunzaje kuwa macho njiani?
Mkuu, umeuliza dada yako atajifunzaje kuwa macho Dar bila kuishi kwa hofu. Aanze na simu. Kibaka wa bodaboda anamtaka aliyezama kwenye skrini ukingoni mwa barabara, awe mgeni au mwenyeji. Akitaka kujibu meseji, aingie dukani kwanza. Akitembea apite kulia, magari yaje yakimtazama, maana pikipiki ya nyuma utaijua mkoba umeshaenda. Na mkoba aubebe upande wa ukuta.

Kwenye daladala pa kuangalia ni mlangoni. Pale Kariakoo jioni watu wakigombea siti, wachomoaji ndio wanafanya kazi. Mtu akimziba mbele bila sababu huku mwingine kamganda mgongoni, ashike mfuko, ajitoe, asubiri gari lingine. Nauli ni ileile.

Akishuka kituoni aangalie nani ameshuka naye na duka gani bado liko wazi. Akihisi anafuatwa asinyooshe kwenda kwake, aingie dukani kwa Mangi, apige 112 ya polisi akiwa kwenye watu. Spika za masikioni usiku azisahau kabisa.