Wekundu si mfupa: kwa wadogo zangu mnaoingia maabara

Maabara yetu hapa Ujerumani inakuza mfupa kwa seli za mtu, juu ya kiunzi, yaani kipande chenye vitundu zinamojishikiza. Jumatatu mdogo wetu mmoja katuonyesha picha kwenye kikao. Kiunzi chekundu, chekundu kweli, kama kimechovywa kwenye rojo la nyanya. "Madini yamejaa," akasema, uso unang'aa. Nikamuuliza kiunzi ni cha nini. Haidroksiapatiti. Na kiunzi kitupu, kisicho na seli, ulikipaka rangi pia? Kimya.

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Haidroksiapatiti yenyewe ni kalsiamu na fosfeti, na alizarini, rangi tunayopaka ili kuona madini, ikikutana na kalsiamu haiulizi imeletwa na nani. Chomoa kiunzi kipya kwenye pakiti, kichovye, kitakuwa chekundu vilevile. Sikumcheka sana, kwa sababu wa kwanza kuingia shimo hilo hapa alikuwa mimi, na langu lilikuwa refu zaidi.

Basi naandika mara moja ili nisiyarudie kila Oktoba mnapowasili na majaketi mapya. Ninyi mliotoka nyumbani someni mara mbili, maana nawajua: mnaona haya kuuliza.

1. Kiunzi kitupu kwenye kila bechi. Hakuna mjadala.

2. Jueni pampu iko pale kwa nini. Oksijeni ikiachwa isambae yenyewe, huishia maikromita 100 hadi 200 ndani ya tishu. Kiunzi chetu kina kipenyo cha milimita 8 na kimo cha milimita 4, yaani moyo wake uko milimita 2 kutoka juu, mara kumi ya hapo. Ukikiweka kwenye sahani bila mtiririko unapata andazi la haraka: nje limeiva, ndani unga. Ndiyo maana midia, maji yenye chakula cha seli, inasukumwa ipite katikati ya vitundu. Tena mtiririko si chakula tu. Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba, na seli zetu nazo huhisi kusukumwa. Zikisukumwa kidogo hujenga, zikisukumwa sana hung'oka. Kwa hiyo mrija ukibadilishwa, pima upya. Ukitoa wa kipenyo cha ndani cha milimita 0.8 ukaweka wa 1.6, mizunguko ileile ya pampu inapitisha karibu mara nne.

3. Usiikabidhi mashine kazi ambayo hujaifanya kwa mikono yako. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili nilipewa jukumu la kuhamisha ubadilishaji wa midia kutoka mikononi kwenda kwenye roboti. Kazi hiyo ilikuwa ya fundi sanifu mmoja, mama wa Kijerumani aliyekaribia kustaafu. Nilikuwa namwita Shangazi. Alipojua maana yake alifurahi, akaanza kujitaja hivyo hata akinipigia simu. Lakini mapenzi yote hayo, sikukaa naye kazini hata asubuhi moja. SOP, yaani maandishi rasmi ya hatua za kazi, ilikuwepo, kurasa 11, imesainiwa. Nikaigeuza hatua kwa hatua kuwa programu nikajiona mjanja.

Seli zilitoka kwenye uboho uliobaki baada ya upasuaji wa nyonga wa mtu mmoja. Mnajua zilivyo adimu: katika seli elfu kumi za uboho, pengine laki moja, unayoitafuta, ile inayoweza kujenga mfupa, ni moja. Nikazikuza wiki tatu, nikazipanda kwenye vyumba vinane vya mfumo wa pampu, kila kimoja na kiunzi chake, nikaanza siku 21 za deksamethasoni, askobeti na beta-gliserofosfeti, vichocheo vya kuzifanya zijenge mfupa. Roboti ilifanya kazi usiku na sikukuu bila kupepesuka. Nilikuwa naichungulia kwenye simu nikiwa kitandani, kama mtu aliyenunua bodaboda yake ya kwanza na kumkabidhi dereva.

Siku ya 21 nikapaka alizarini vyumba saba. Vyote vyekundu. Nikampelekea profesa picha saa tano usiku. Nikampigia mama Tanga nikamwambia nimetengeneza mfupa, akauliza wa nani.

Chumba cha nane kilikuwa bado kinazunguka. Shangazi, ambaye hakuombwa, akakitoa kiunzi chake, akakikata katikati kwa wembe, akakitia rangi ya hai na mfu, kisha akaniita kwenye darubini. Kijani kilikuwa ukingoni tu, utepe mwembamba kama uzi. Ndani kote nyekundu, na safari hii ilikuwa nyekundu ya maiti.

Hapo nilitakiwa kukiri. Badala yake nilitapatapa wiki mbili nzima. Kwanza nikamlaumu mchangiaji, mzee wa watu. Kisha nikamwandikia muuza seramu ya kukuzia seli barua kali yenye viambatisho vitatu. Kwenye kikao nikasema "tofauti za wachangiaji", maneno ambayo katika fani hii hufunika kila kitu kama kanga. Na muda wote huo faili la glukosi, sukari iliyomo kwenye midia, lilikuwa limekaa kwenye seva. Nilipolifungua nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku ya 6 glukosi ilikuwa haipungui na lakteti, taka ya seli inayokula, imelala. Seli hai hula. Kila baada ya saa sita mashine iliandika kwamba humu ndani hakuna anayekula, nami nikawa naangalia mkono wa roboti unavyozunguka vizuri.

Mficha uchi hazai. Nikaenda kwa Shangazi na mkia katikati ya miguu, nikaweka viunzi vitupu, nikawasha mzunguko. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo kama anaangalia tamthilia. Roboti ikachota midia kwenye friji, nyuzi 4, ikaiingiza moja kwa moja kwenye mfumo wa nyuzi 37.

"Baridi hivyo?" akauliza. Yeye huitoa mapema, huilegeza vifuniko, huiacha ipate joto. Kwenye SOP haimo, kwani nani asiyejua? Midia baridi ikipata joto, hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka, kama sufuria ya maji inavyoanza kuota vitone ukutani kabla ya kuchemka. Hilo lilikuwa la kwanza. Roboti ikamaliza, ikafunga mlango. Akaendelea kukaa. Mwisho akanigeukia.

"Na nani anagonga?"

Kugonga nini?

Akafungua mlango, akagonga chumba cha kwanza kwa ukucha mara tatu. Kiputo kikapanda. Cha pili, viputo viwili. Miaka yote ile, kila akibadilisha midia, aligonga, na nadhani mpaka siku hiyo hakujua kwamba anagonga. Kiputo kikikwama kwenye vitundu, midia hukwepa pembeni, na seli zilizo nyuma yake hufa njaa mtoni. Vyumba vinane, wiki sita, na mchangiaji ambaye nyonga yake haitafunguliwa tena kwa ajili yangu.

Nikamwandikia muuza seramu barua ya pili. Hiyo haikuwa na viambatisho.

Leo midia inapita kwenye kipasha joto kwanza, na chini ya vyumba kuna kijimota kinachotikisa mara tatu. Mstari wake kwenye programu unaitwa UKUCHA. Msiufute. Mwaka jana kijana mmoja aliufuta akidhani ni kosa la tahajia, tukapoteza vyumba vinne. Kabla hamjaandika mstari wowote wa programu, kaeni na fundi asubuhi tatu, mpigeni video mikono, si uso.

4. Faili la glukosi lifunguliwe kila asubuhi kabla ya chai.

5. Antibayotiki huficha uchafu, haziuondoi. Maikoplazma, aina ya bakteria wadogo sana, haina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haina cha kubomoa. Inapenya chujio la maikromita 0.22, na midia inabaki angavu kabisa. Pima kwa PCR, njia ya kutafuta DNA yake. "Mbona naiona safi" si kipimo.

6. Daftari. Najua linachosha. Lakini tunachokikuza hapa kisheria ni dawa, chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1394/2007, na dawa isiyo na maandishi haiendi kwa mgonjwa. Wengine mnafikiri tunaleta roboti ili tupate mifupa mingi. Seli ni za mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo kila mgonjwa ni bechi yake. Huwezi kupika sufuria moja kubwa ukapakua. Tunachotafuta ni bechi ya mia ifanane na ya kwanza, ndani ya mfumo uliofungwa, bila watu kumi kupumulia sahani. Mwaka 2001 madaktari wa Italia na wenzao walitangaza wagonjwa watatu waliozibwa mapengo makubwa ya mifupa kwa viunzi vya haidroksiapatiti vyenye seli zao wenyewe. Mwaka 2004, Kiel, hapahapa Ujerumani, taya lilioteshwa ndani ya msuli wa mgongo wa mgonjwa kisha likahamishiwa mdomoni. Kazi za ajabu, na zote ziliegemea mikono ya watu wachache. Mikono hustaafu. Shangazi sasa analima nyanya, na ukimuuliza alivyokuwa akipanda seli anasema "kawaida tu".

7. Aliyebadilisha mrija wa kituo cha pili Ijumaa bila kuandika: nimeuona. Uliokuwepo ulikuwa 0.8. Sijakasirika, ila njoo na silinda ya kupimia tupime upya kabla ya saa nane, maana seli zinapandwa saa tisa.