Wasomaji Wanauliza: Zitha ya Vienna Iliyotamba Bila Mwimbaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa mdogo, marehemu baba yangu alikuwa na santuri moja nzito ya zamani aliyokuwa akiipiga jioni za Ijumaa. Ndani yake hamkuwa na mwimbaji, bali ala moja tu ya nyuzi, na mahadhi yake yalikuwa yakizunguka na kurudi palepale pa mwanzo. Baba alitwambia kwamba huo ulikuwa muziki wa filamu iitwayo The Third Man. Juzi niliusikia tena redioni, nikashindwa kuendelea na kazi niliyokuwa nayo mkononi. Naomba kujua ni nani aliyeupiga, na iliwezekanaje muziki wa filamu usio na neno hata moja ukawa kibao cha kununuliwa hata na watu ambao filamu yenyewe hawakuiona. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, pokea pole zetu kwa marehemu mzee wako, ambaye kwa hakika alijua kuchagua santuri. Aliyeupiga muziki huo, na ndiye aliyeutunga, ni Anton Karas, aliyezaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1906 na kufariki dunia katika mji huohuo mwaka 1985. Kabla ya filamu hiyo jina lake halikujulikana nje ya vilabu vya mvinyo vya Vienna, ambako alikuwa akipiga zitha, ala bapa ya nyuzi inayowekwa mezani, jioni kwa watu waliokuja kula, kunywa na kuzungumza, akitegemea zaidi kile ambacho wateja wangependa kumtunza.

Mwaka 1948 mwongozaji wa Kiingereza, Carol Reed, alifika Vienna kupiga picha za The Third Man, hadithi iliyoandikwa na Graham Greene. Mji ulikuwa bado na vifusi vya vita, na mamlaka yake yalikuwa yamegawanywa baina ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti. Katika karamu moja waliyoandaliwa wageni hao wa filamu, Reed alimsikia Karas akipiga, naye akavutwa na sauti ile kiasi cha kufanya uamuzi ambao wakati huo watu wengi wa sinema wangeuona kuwa ni wa hatari. Desturi ilikuwa kwamba filamu kubwa ipambwe na okestra nzima, na filamu inayohusu Vienna ilitarajiwa iwe na walsi, muziki wa dansi uliozoeleka mjini humo. Reed aliziacha walsi, akaiacha okestra, akaamua kwamba filamu yake yote itabebwa na zitha moja.

Karas aliitwa London. Huko alikaa wiki nyingi nyumbani kwa Reed, akiangalia vipande vya filamu mara kwa mara katika mashine ya kuhariri na kujaribu mahadhi kwa kila kipande, huku akiikumbuka sana familia yake aliyoiacha Vienna. Mahadhi ambayo baba yako aliyapenda hayakuzaliwa London, kwani Karas mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa nayo kwa miaka mingi na alikuwa ameacha kuyapiga kwa sababu yanachosha vidole. Kilabuni, ambako hakuna mtu anayeacha kutafuna ili asikilize, ni afadhali kupiga kitu chepesi kinachoweza kuendelea usiku kucha. Mimi kila nikiukumbuka mkasa huu hupata simanzi na furaha kwa pamoja, kwa sababu mahadhi yaliyokuja kuizunguka dunia yalikuwa yamewekwa kando na mwenyewe kwa kukosa msikilizaji.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Kwa maoni yangu, muziki huu ulitamba kwa sababu filamu yenyewe iliwafundisha watazamaji kuusikiliza. Filamu inapoanza na majina ya wahusika kupita, hatuoni mtaa wala uso wa mtu; tunaoneshwa nyuzi za zitha zikitetemeka juu ya tundu la ala, bila hata mkono wa mpigaji. Ni kana kwamba mwongozaji ameiweka santuri mbele yetu na kutuomba tunyamaze. Kisha mahadhi yanafungamanishwa na mtu mmoja, Harry Lime, ambaye kwa zaidi ya saa nzima tunamsikia akitajwa, akililiwa na kutuhumiwa, lakini hatumwoni. Anapotokea hatimaye, akiwa amesimama gizani mlangoni na paka miguuni pake, mwanga wa dirisha la jirani unamwangukia usoni, mahadhi yanaingia, na uso wa Orson Welles, mwigizaji wa Lime, unatabasamu kidogo. Aliyeliona tukio hilo alitoka ukumbini akiwa na mtu na mahadhi yake vimeshikana kichwani, na kwa vile sauti ilikuwa ya ala moja tu, hakuhitaji okestra ili kuyaimba kwa mluzi akielekea nyumbani.

Biashara ilikuja nyuma ya mluzi huo. Filamu ilitolewa Uingereza mwaka 1949, na watu walipoanza kuuliza madukani, kampuni ya Decca ilikuwa na sahani ya santuri ya kuwauzia. Uingereza haikuwa bado na orodha rasmi ya santuri zinazoongoza kwa mauzo, kwani orodha ya kwanza ilichapishwa mwaka 1952, lakini Marekani orodha ilikuwapo tayari. Filamu ilipofika huko mwanzoni mwa mwaka 1950, sahani ya Karas ilipanda hadi nafasi ya kwanza mwishoni mwa Aprili na kuishikilia kwa wiki 11, mpaka Julai. Katika miezi hiyohiyo bendi ya Guy Lombardo iliurekodi muziki huo kwa mtindo wake wa dansi, na toleo hilo nalo likauzwa kwa wingi, kwa hiyo Mmarekani aliyefungua redio aliweza kuyapata mahadhi yaleyale kwa mikono miwili tofauti.

Usisahau pia umbo la sahani zenyewe. Santuri nzito za wakati ule, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilikuwa na nafasi ya kiasi cha dakika tatu kwa kila upande, na muziki wa okestra uliotungwa kwa ajili ya filamu mara nyingi ulilazimika kukatwakatwa ili utoshee. Mahadhi ya Karas yalikuwa mafupi na kamili tangu mwanzo. Baadaye walijitokeza watu wa kuyatungia maneno, lakini maneno hayo hayakushika, na nadhani ni vizuri yakawa hivyo, kwa sababu kukosekana kwa maneno ndiko kulikouwezesha muziki huu kukaa katika nyumba ya Tanga sawasawa na ulivyokaa katika nyumba ya London.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa taarabu, na ala ninayojifunza ni kanuni. Nilipousikiliza muziki huo nilidhani ni kanuni inayopigwa na mgeni. Je, zitha na kanuni ni ala moja yenye majina mawili? (Msomaji wa kike, Unguja)

JIBU: Sikio lako halikukudanganya sana, dada yangu. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa si ala moja. Zote mbili ni kasha bapa la mbao lililotandazwa nyuzi nyingi zinazopigwa kwa vidole, na ndiyo maana mlio wake unakaribiana: unaanza kwa ukali na kufifia haraka, hivyo mpigaji hana budi kurudia na kupamba ili sauti isikatike.

Tofauti iko katika namna ya kuipata sauti. Kanuni, kama unavyojua kuliko mimi, hulazwa mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatutatu kwa kila sauti, nawe huzipiga kwa vidole vya shahada vya mikono yote miwili vilivyovishwa pete zenye ncha, huku ukigeuza vijiti vidogo vya pembeni kupata maqam, yaani mpangilio wa sauti, unayoitaka. Zitha aliyoipiga Karas huwekwa mezani. Upande ulio karibu na mpigaji una nyuzi tano zilizopita juu ya ubao wenye vizuio kama vya gitaa. Hizo hubanwa kwa vidole vya mkono wa kushoto na kupigwa kwa pete iliyovaliwa kwenye kidole gumba cha kulia, na ndizo zinazotoa mahadhi. Nyuzi nyingine, ambazo hufika thelathini na kuzidi, hazibanwi kabisa. Vidole vilivyobaki vya mkono wa kulia huzipiga kutoa besi na mwitiko. Kwa hiyo mtu mmoja huwa ni mwimbaji na kikundi chake kwa wakati mmoja. Ukisikiliza tena, lifuatilie lile besi linalotembea chini bila kuchoka, kisha ukumbuke kwamba linatoka kwenye mkono uleule unaopiga mahadhi ya juu. Hapo utaelewa Karas alikuwa na maana gani aliposema kwamba yanachosha vidole.

Wewe uliyezoea bashraf, ambayo hufungua usiku wa taarabu bila mwimbaji kutia neno, huhitaji kuelezwa kwamba hadhira inaweza kukaa kimya na kuridhika na ala tupu.

SWALI: Je, kisa cha Karas ni cha pekee, au kuna muziki mwingine wa filamu usio na maneno uliofika nafasi ya kwanza? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Upo, na nitautaja kwa ufupi. Mwaka 1960 okestra ya Percy Faith ilikaa wiki 9 kileleni Marekani kwa mahadhi ya filamu ya A Summer Place, yaliyotungwa na Max Steiner. Mwaka 1968 Hugo Montenegro aliuchukua muziki ambao Ennio Morricone aliitungia filamu ya The Good, the Bad and the Ugly, akaurekodi upya, ukafika nafasi ya pili Marekani na ya kwanza Uingereza. Mwaka 1982 Vangelis, Mgiriki aliyepiga mwenyewe kinanda na sintesaiza, alifika kileleni Marekani kwa mahadhi ya Chariots of Fire, nayo yakatumika tena katika Olimpiki ya London mwaka 2012 wakati wa kuvishwa medali. Angalia kwamba katika visa viwili vya mwanzo aliyeuza sahani si aliyetunga. Karas na Vangelis walitunga na kupiga kwa mikono yao, na kwangu mimi hilo linasikika.

SWALI: Nimeitazama filamu hiyo na kuna jambo linanisumbua. Harry Lime ni mhalifu anayesababisha vifo vya watoto, na bado muziki wake ni wa kuchangamsha. Je, hilo si kosa la mtunzi? Na je, Karas alifaidika na kazi yake? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu yangu, naanza na la pili kwa sababu ni jepesi. Karas alifaidika. Alizunguka nchi nyingi akipiga zitha yake, akarudi kwao na katika miaka ya 1950 akafungua kilabu chake mwenyewe cha mvinyo katika kitongoji cha Sievering, Vienna, akakiita kwa jina la filamu. Aliishi huko miaka mingi bila kuhama mji wake na bila kuibadili ala yake.

La kwanza linahitaji kutazamwa kwa makini, na nimefurahi kwamba limekusumbua. Ni kweli kwamba Lime alikuwa akiuza penisilini iliyopunguzwa nguvu kwa kuchanganywa, na kwamba katika wodi ya hospitali tunaoneshwa nyuso za watu wazima wanaowatazama watoto walioharibiwa na dawa hiyo, bila kuoneshwa watoto wenyewe. Mtunzi mwingine angemwandikia mtu kama huyo muziki mzito wa kutisha, na mtazamaji angekuwa ameonywa mapema amchukie. Karas na Reed hawakufanya hivyo. Walimpa mahadhi ya mtu unayependa akae mezani kwako, kwa sababu hivyo ndivyo rafiki yake wa utotoni, Holly Martins, anavyomwona, na hivyo ndivyo mpenzi wake, Anna, anavyompenda. Uovu wa Lime unawezekana kwa sababu anavutia. Muziki unatufanya nasi tuvutwe naye, halafu tunapelekwa hospitali kukutana na alichokifanya tukiwa bado tunayasikia mahadhi yake masikioni.

Tena muziki huo haukutiwa kila mahali. Lime anapokimbizwa katika mifereji ya maji machafu chini ya mji, zitha inanyamaza. Kunabaki maji, nyayo na sauti za askari wakiitana kwa mwangwi. Mchangamko wake umemwisha, na mwongozaji hakutaka kumrudishia.

Baada ya hapo inakuja picha ya mwisho, ambayo nakuomba uitazame tena ukiwa na swali lako hilohilo. Ni njia ndefu ya makaburini iliyopandwa miti pande zote, majani yanadondoka moja moja. Martins anasimama kando akimngoja Anna. Anna anakuja kutoka mbali sana, kwa mwendo uleule, na kamera haisogei kumfuata. Zitha inapiga, safari hii polepole, muda wote anapotembea. Anampita Martins bila kumgeukia, anatoka nje ya picha, naye Martins anawasha sigara.